Kuhama kutoka Subversion kwenda Git: jibu kwa kiongozi wa timu Kisumu

Msomaji wa Kisumu ameuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Tuko developa wanane, tunatengeneza mfumo wa SACCO na mwingine wa kliniki. Kazi yote iko kwa Subversion, seva iko hapa ofisini tangu 2011. Stima ikipotea seva inazima, na wenzetu walioko kwa wateja Kakamega na Siaya hawawezi kukomiti kitu. Bosi anataka tuhamie Git kabla mwaka uishe. Vijana wanataka tuhame ata kesho, mzee wetu wa databesi anasema hii ni fasheni tu. Mimi ndio naongoza timu na sitaki kupoteza historia ya miaka yote hiyo. Tuanzie wapi, na tuweke kazi GitHub ama tubaki na seva yetu?"

Sawa dada, tuongee. Kwa msomaji mgeni: Subversion (kwa kifupi SVN) na Git ni programu za kutunza kodi na historia ya kila badiliko, na kukomiti ni kuhifadhi badiliko kwa hio historia pamoja na ujumbe. Hameni, lakini msihame juu vijana wanaona aibu kuandika SVN kwa CV. Sababu yenu mmeitaja wenyewe na inatosha: seva ikizima, kazi inasimama. Kwa Subversion historia inakaa mahali pamoja na laptopu ya mtu inabeba nakala ya mwisho tu, so ukitaka kukomiti, ama kuangalia nani aligusa hii laini 2016, ama kufungua branchi (tawi la kando la kodi), lazima seva ikuwe hewani. Kwa Git mtu akikloni, yaani akivuta nakala yake, anachukua historia yote tangu komiti ya kwanza, na hizo shughuli zote anafanya kwa laptopu yake bila netiwaki. Ni kama chama ambacho kila memba ako na nakala nzima ya kitabu, si mweka hazina peke yake. Huyo kijana wako wa Siaya anaeza kukomiti siku nzima akiwa kwa ofisi ya mteja, hakuna stima, hakuna bando, alafu jioni akipata netiwaki anatuma zote mara moja.

Na ilitengenezwa ikuwe hivyo makusudi. Linus Torvalds aliandika Git Aprili 2005 baada ya watu wa Linux kunyang'anywa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kampuni ya kazi hio hio, na hao ni watu wametapakaa dunia nzima, huwezi kuwapa wote ruhusa ya kuandika kwa seva moja. Mercurial, programu nyingine ya aina hii, nayo ilizaliwa mwezi huo huo kwa sababu hiyo hiyo, na kusema ukweli amri zake ni rahisi kueleweka kuliko za Git. Lakini Bitbucket, tovuti ya kuweka kodi kama GitHub, iliacha kuihudumia 2020, na vijana mnaoajiri kutoka vyuo vikuu vya Maseno ama Masinde Muliro wanakuja kama wameshashika Git, so huo mjadala usiwale muda. Git basi.

Sasa kuna kitu kimoja ukikifundisha vizuri nusu ya shida inaisha, na timu nyingi zinakiruka zikikimbilia kufundisha amri. Kwa Subversion, kukomiti ni kutangaza. Ukikomiti tu, kila mtu ameona, na kama umevunja kitu umevunjia watu wote. Ndio maana watu wa SVN wana tabia ya kukaa na mabadiliko siku nne tano kwa laptopu, wanaogopa, alafu Ijumaa wanakomiti mzigo mkubwa na ujumbe wa "marekebisho mbalimbali". Kwa Git kukomiti ni jambo lako binafsi, kupushi, yaani kutuma komiti kwa seva, ndio kutangaza. Ni hatua mbili. Mtu asipoelewa hio tofauti atafanya moja ya makosa mawili. Ama ataendelea kukomiti mizigo ya wiki nzima vile amezoea, na hapo utakuwa umebadilisha programu tu lakini tabia ni ile ile. Ama atakomiti kila siku vizuri kabisa na asipushi, akifikiria kazi iko salama, alafu laptopu inyakuliwe stendi ya matatu na wiki mbili za kazi zimeenda. Git si bakapu. Nakala ambayo haijatoka kwa laptopu yako ni moja tu, ata kama mfumo unaitwa wa kusambazwa.

So weka sheria moja hapo, na uirudie mpaka wakuchoke: komiti ndogo ndogo wakati wowote, pushi branchi yako kabla ujatoka ofisini, ata kama kazi haijaisha, ata kama haifanyi kazi. Branchi ni yako, hakuna mtu utavunjia. Kile kisichoguswa moja kwa moja ni `main`, branchi kuu ya wote. Hii ata mzee wa databesi ataielewa haraka juu ni wazo lile lile la databesi: kuna kuandika kwa meza yako na kuna kuweka kwa ile rekodi ambayo wote wanasoma.

Na huyo mzee, tafadhali usimpuuze. Kuna mambo Subversion inafanya vizuri kuliko Git na yeye anayajua kwa mikono. La kwanza ni ruhusa. Kwa SVN unaeza kusema huyu mtu asione folda fulani, faili ya ruhusa inayoitwa authz inamaliza hio maneno. Git haina kitu kama hicho, ukimpa mtu ruhusa ya kukloni ripo (ghala la kodi) umempa kila kitu, pamoja na historia yote. Mkiwa na wanafunzi wa atachimenti wanaokuja miezi mitatu na kuondoka, hii si jambo dogo. Dawa ni kugawanya ripo. Naona mko na mifumo miwili, ya SACCO na ya kliniki, na nahisi zote ziko ndani ya SVN moja. Zikihama, kila moja ikuwe na ripo yake, na kama kuna sehemu nyeti sana kama hesabu za riba ama viunganishi vya malipo, hizo unaeza kuzitoa kando pia. Usiende mbali sana na hii kugawanya lakini, ripo kumi na tano kwa watu wanane ni adhabu.

La pili ni kuloki. Kama mko na mtu anachora michoro ama anaandika template za ripoti ambazo haziwezi kumerjiwa (kuunganishwa na kazi ya mwingine), SVN inamruhusu kuloki faili ndio mwingine asiiguse. Git yenyewe haina, kuna Git LFS, nyongeza ya faili kubwa, ambayo iko na kuloki lakini ni kitu cha kuongeza na kufundisha. Kwa watu wanane mimi ningewaambia tu waongee kwa grupu la WhatsApp.

La tatu ni zile namba SVN inapatia kila komiti. r4512 ni rahisi kutaja kwa simu, mteja anasema niko kwa 4512 na unajua. Git inakupa herufi na namba 40. Hapo tumia tagi (jina unalobandika kwa komiti) kila mkitoa toleo, alafu `git describe` itakupa jina la kueleweka, tagi ya mwisho na komiti ngapi zimepita tangu hapo, na hilo ndio muandike chini ya skrini ya kulogi. Kumbuka pia kama mlikuwa mnategemea SVN ijaze yenyewe namba ya rivisheni ndani ya faili, ile ya `$Rev$`, haitajazwa tena. Itabaki maandishi tu na mteja atawauliza hio ni nini.

Sasa historia. Swali lako la kutopoteza. Inahama yote, nani alifanya nini na lini na ujumbe wake, na kazi yenyewe si ngumu lakini iko na mitego, so fanyeni mara kadhaa kwa majaribio kabla ya ile ya kweli. Chombo ni `git svn clone`. Kifanyie kwa mashine iliyo ofisini karibu na seva, ama bora zaidi kwa nakala ya ile SVN iliyowekwa kwa mashine hio hio, juu kinasoma rivisheni moja baada ya nyingine na kwa historia ya miaka mingi kinaeza kutafuna masaa mengi ata siku. Kikikatika katikati, na stima ya huku unaijua, unaendelea na `git svn fetch`, hauanzi upya. Na kabla ya chochote chukueni bakapu kamili ya SVN na `svnadmin dump` na muiweke nje ya hio ofisi.

Kabla ukianzishe unahitaji faili ya majina, laini moja kwa kila mtu aliyewahi kukomiti: jina lake la SVN, alama ya sawasawa, jina kamili na imeili. Hii ndio kazi ya mzee. Simpi kumbembeleza, ni kwamba kwa ripo ya 2011 mtakuta majina kama `admin2` na `intern` na yeye peke yake ndio anakumbuka alikuwa nani. Mkikosa mtu mmoja kwa hio faili, chombo kinasimama hapo hapo na kukataa kuendelea, so msishangae.

Alafu muangalie mpangilio. Kama SVN yenu iko na zile folda tatu za kawaida, trunk (shina kuu), branches na tags, unaongeza `--stdlayout` na kinaelewa chenyewe. Kama mlijipangia vyenu, na ofisi nyingi zilijipangia, lazima ukieleze trunk ni gani na matawi ni gani. Tagi za SVN zitaingia kama branchi za mbali, si tagi za kweli, mtazigeuza nyinyi ama mtumie svn2git ambayo inafanya hio kazi juu ya `git svn`. Folda tupu hazihami vizuri juu Git haihifadhi folda tupu kabisa, na hii inauma watu wa PHP sana: mfumo unawekwa kwa mteja, folda ya `uploads` haiko, kila mtu anatafuta kosa mahali pengine. Tia faili ndogo ndani, watu huiita `.gitkeep`. Orodha za kupuuza nazo zihamishiwe `.gitignore`. Na kama mlikuwa mnatumia externals kuleta maktaba moja kwa mifumo yote miwili, `git svn` haizijali kabisa, hapo lazima mkae mpange upya, na ushauri wangu ni msikimbilie submodule, njia ya Git ya kuweka ripo ndani ya ripo, hio kitu imegombanisha watu wengi. Pakiti ya kawaida ya Composer ama npm ama chochote mnatumia ni afadhali.

Hapa kwa historia nataka nikae kidogo juu ndio mahali wengi wanajuta. Git inajenga kila komiti juu ya ile iliyotangulia, na ule utambulisho wa herufi 40 unatokana na yaliyomo pamoja na wazazi wake. Ukibadilisha komiti moja ya 2013, kila komiti baada yake inapata utambulisho mpya. Maana yake usafi wote ufanywe KABLA timu haijakloni, baada ya hapo kusafisha ni kuwaambia watu wote watupe nakala zao waanze tena. Usafi gani? Mbili. Kuna mizigo: mainstola ya .exe, mazipu, ile dump ya databesi ya mteja ambayo mtu alikomiti 2014 akasahau. Kwa SVN haikuwasumbua juu ilikuwa kwa seva tu, kwa Git kila mtu ataibeba kila akikloni, na anakloni kwa bando yake. GitHub pia inakataa faili yoyote iliyopita MB 100. Tumieni `git filter-repo` kuzitoa, ama `--ignore-paths` wakati wa kuhamisha.

Halafu siri. Tafuteni kwa historia yote, si kwa faili za leo tu: paswadi za databesi, funguo za Daraja (ile API ya kuunganisha mfumo na M-Pesa), paswadi ya imeili ya ofisi. Nakuhakikishia ziko. Zitoeni, lakini zaidi ya yote zibadilisheni, juu zimekuwa zikionekana na kila mtu aliyepita hapo ofisini tangu 2011, kuzifuta kwa historia hakuzifanyi zisijulikane. Na kama ile dump iko na majina na magonjwa ya wagonjwa wa kliniki, hapo mko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haifai kuwa kwa laptopu ya mwanafunzi wa atachimenti na haifai kwenda kwa seva ya mtu mwingine hivi hivi. Hii ndio sababu moja ningekataa kabisa kuhama kesho vile vijana wanataka.

Mkimaliza jaribio, hakikisheni kwa njia ya kizamani: `svn export` ya trunk kwa folda moja, Git kwa folda nyingine, `diff -r` katikati ikuonyeshe zinapotofautiana. Tofauti zinafaa kuwa zile mnazozijua tu. Fanya hivyo kwa trunk na kwa tagi mbili tatu za zamani pia.

Siku ya kuhama yenyewe ni fupi. Ijumaa jioni wote wakomiti walichonacho, SVN igeuzwe ya kusoma tu kwa ile faili ya authz, fetch ya mwisho, usafi, diff, pushi, Jumatatu asubuhi watu wakloni. Kile sitaki kusikia ni kwamba mmeamua kutumia zote mbili kwa muda, wengine SVN wengine Git, ndio watu wazoee. Hakuna kuzoea hapo, kuna watu wawili wanaorekebisha kosa moja mahali pawili. Vijana wakikosa subira, waache watumie `git svn` kwa laptopu zao wiki chache kabla, SVN ikiwa bado ndio mkubwa: wanakomiti kwa Git na kutuma na `git svn dcommit`. Wanapata mazoezi na hakuna anayesumbuliwa. Wasipeane tu branchi wao kwa wao wakati huo, juu dcommit inaandika komiti upya na watachanganyikana.

Mtindo wa kufanya kazi, usiutafute mbali. `main` moja, branchi fupi za siku mbili tatu, mwingine anarivyu (anakagua), inamerjiwa, branchi inafutwa. Ile michoro ya Git Flow yenye branchi za kila rangi, aliyeiandika 2010 aliongeza maelezo yake mwenyewe 2020 akisema timu zinazotoa mfumo wa wavuti kila mara zitumie kitu rahisi zaidi. Tofauti yenu ni kama SACCO tofauti ziko kwa matoleo tofauti yaliyosakinishwa kwao. Hapo weka branchi moja kwa kila toleo ambalo bado mnalihudumia, na marekebisho ya dharura yaingie `main` kwanza alafu yapelekwe huko na `cherry-pick`, amri ya kunakili komiti moja moja. Rebase (kupanga upya komiti zao juu ya `main` ya sasa) waifanye kwa branchi zao kabla hazijarivyuwa, kwa branchi ambayo wawili wanaitumia ni marufuku. Pushi ya nguvu kwa `main`, ile inayofunika historia iliyo kwa seva, ifungwe na seva, usitegemee nidhamu. Na waambie mapema kuhusu `git reflog`, kumbukumbu ya komiti ulizopitia, juu siku ya kwanza mtu "akipoteza" kazi na reset (amri ya kurudisha branchi nyuma) kutakuwa na kelele, na kumbe kile alichokomiti bado kiko hapo kwa karibu mwezi kwa mipangilio ya kawaida. Ambacho hakukomiti, hicho pole.

Windows na Linux mkichanganya, wekeni `.gitattributes` yenye `* text=auto` tangu siku ya kwanza, vinginevyo diff zitaonyesha faili nzima imebadilika na ni miisho ya laini tu.

GitHub ama seva yenu? Kumbuka kusambazwa hakuondoi haja ya mahali pamoja mnapokubaliana ndio kazi ya kweli iko. Git haikuchagulii, nyinyi ndio mnachagua. GitHub inaruhusu ripo za siri na watu wowote mnaotaka bila kulipa tangu 2020, na tangu Agosti 2021 haikubali paswadi kwa Git so kila mtu atengeneze ufunguo wa SSH kabla ya hio Jumatatu, si siku yenyewe. Ukiweka huko, stima ya ofisi haihusiki tena. Lakini ona pia upande wa pili: ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Kenya nzima ikawa ya kuburuta, na hapo aliye na seva ofisini alikuwa anacheka. Kwa hivyo mimi ningeweka GitHub ama GitLab kama mahali pakuu, alafu hio mashine yenu ya zamani iwekwe Gitea, programu ya seva ya Git ya kujiwekea, ni nyepesi sana, ivute nakala yenyewe kila mara. Netiwaki ya nje ikifa watu wa ofisini mnapushi kwa ripo ya kawaida hapo hapo kwa Gitea, juu ile nakala inayovutwa ni ya kusoma tu, na mnasawazisha baadaye. Na yule wa Siaya akikwama kabisa, `git bundle` inafunga komiti zake kwa faili moja, anaweka kwa flashi na kumpatia mtu anayekuja Kisumu, wewe unapuli (unavuta) kutoka kwa hio faili kama vile ni seva.

Kuhusu "kabla mwaka uishe", mwambie bosi Desemba hapana. SACCO nyingi zinafunga mwaka wao hapo na simu hazitalala. Tafuteni katikati ya mwezi, Oktoba ama mapema Novemba, si mwisho wa mwezi wakati riba zinahesabiwa. Majaribio ya kuhamisha historia na kubadilisha zile funguo za Daraja mnaeza kuanza wiki hii, hayagusi mtu yeyote. Na ile SVN iachwe ya kusoma tu angalau mpaka ukaguzi wa mwaka ujao upite, juu kuna tiketi za zamani zote zimeandikwa r4512 na mtu atakuja kuuliza.